Mjane wa Pili

Siku niliyochaguliwa kuwa mjane nilifika nyumbani Moshono nikamkuta mume wangu mezani anakula. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilisahau hata salamu. Nikasema, "Baba, wamenichagua mimi. Mimi ndiye mjane."

Akaweka kijiko chini taratibu, akanitazama, akauliza, "Na mimi nimekufa lini?"

Ilibidi nikae nimweleze. Alikuwa anajua kuwa kuna mchezo wa kuigiza wa nyimbo unafufuliwa mjini, na alijua nimekwenda kujaribiwa, lakini alidhani wataniweka kwenye kundi la waitikiaji, nyuma kabisa, pamoja na akina mama wenzangu wa kwaya. Hata mimi nilidhani hivyo. Ndiyo maana nilikuwa nimevaa viatu vya kazini na nina chaki kwenye mkono wa sweta.

Mchezo wenyewe ulitungwa nikiwa bado msichana wa shule ya msingi. Mwalimu mmoja wa muziki aliwakusanya waimbaji kutoka mitaa ya zamani ya mjini, wale wa familia zilizotoka pwani na bara kufanya biashara, akawachanganya na wapiga ngoma na wanakwaya wa upande wetu, magharibi ya Mlima Meru, kwenye mashamba na ng'ombe. Hadithi yake ni fupi. Mwanamke anafiwa na mume, na shemeji yake anamnyang'anya zamu ya maji ya mfereji. Shamba linakauka. Mwanamke anakwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, mahali ambapo wanawake walikuwa hawasemi, anasimama mbele ya wanaume na kudai zamu yake. Basi. Lakini nyimbo zake zilikaa Arusha miaka na miaka. Waimbaji wa harusini, wafua nguo, makondakta wa mabasi, wote walikuwa na kipande walichokiimba, hata wale ambao hawakuwahi kuuona mchezo wenyewe.

Mimi niliuona. Nilikuwa darasa la tano, shule ilituleta kwa lori, tukakaa sakafuni mbele ya watu wazima. Mjane wa wakati ule alikuwa mwanamke kijana wa mitaa ya zamani, mweupe kidogo, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kama maji yaliyochujwa. Kila neno lilifika zima. Sisi watoto wa Ngaramtoni, ambao nyumbani tulisema Kimaa na Kiswahili tulikiacha shuleni pamoja na viti, tulikuwa hatujawahi kusikia lugha ile ikisemwa vile. Nadhani ndiyo siku niliyoamua kuwa mwalimu wa Kiswahili, ingawa wakati huo ningeulizwa ningesema nataka kuwa nesi.

Mwalimu yule wa muziki alifariki. Binti yake, naye mwalimu wa muziki, alikuja kufungua sanduku la bati la baba yake akakuta madaftari ya nyimbo zote, zimeandikwa kwa do-re-mi kama tunavyoandika kanisani. Akaamua kuufufua mchezo. Ndiye alikuwa mwongozaji wetu. Siku ya majaribio alinisikiliza nikiimba beti mbili, akaniambia nirudie, akaniambia nirudie tena nikiwa nimeshika jembe. Nilipolishika, akamwita mpiga ngoma aliyekuwa nje anakunywa chai.

"Njoo usikie," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kesho una nafasi?"

Habari ilienea kabla sijajua namna ya kuibeba. Jumamosi iliyofuata nilikuwa saluni Sekei, nimeinamishwa kichwa kwenye beseni, povu limeniziba masikio nusu. Mama mmoja aliyekuwa anasukwa akasema kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Nasikia ule mchezo wamempa mwalimu mmoja, Mwarusha wa huko Ngaramtoni. Jamani! Nafasi ya yule mama wa zamani? Si bora wangeuacha ulale."

Msusi akanibana bega. Maji yalinitiririka shingoni.

Mwenzake akasema, "Labda anajua kuimba."

"Kuimba wote wanajua, wanaimba kanisani. Lakini mjane lazima asikike. Mjane ni Kiswahili."

Nililipa, nikafunga kitambaa, nikawaaga wote kwa heshima. Barabarani nilijiambia hawajui wanachosema. Lakini neno lake lile, kwamba mjane ni Kiswahili, lilinikaa, kwa sababu nilikuwa na siri ambayo wanafunzi wangu wa darasa la tatu hawaijui. Darasani, nikisema polepole, herufi zangu zote ziko mahali pake. Nikikasirika, au nikiimba kwa nguvu zote, "z" inaniponyoka na kuwa "s". Ulimi unarudi kwetu. Na neno kuu la mchezo ule, neno ambalo mjane analisema mara kumi na moja kwenye wimbo wa mkutano, ni "zamu".

Mwezi mzima wa mazoezi nililipigania neno hilo. Nililisema nikikamua ng'ombe, nikisahihisha madaftari, nikipika. Mume wangu alianza kuitikia kutoka chumbani: "Zamu yako, nimesikia!" Mwongozaji hakuwahi kuligusa jambo hilo. Alinisahihisha mikono, alinisahihisha hatua, lakini kuhusu herufi hakusema kitu, nami nikaona aibu kumuuliza.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa zamani katikati ya mji. Nilichungulia pembeni ya pazia. Upande wa kushoto walikaa watu wa mitaa ya zamani, wazee wenye kofia zilizodariziwa na kina mama wenye baibui, wengi wao waliouona mchezo wa kwanza. Upande wa kulia walikaa watu wa kwetu, mashuka ya mgolole mabegani, na wachungaji wawili, na walimu wenzangu. Nyuma walikuwa vijana, wamesimama ingawa viti vilikuwepo.

Nilianza vizuri. Wimbo wa msiba ulipita, watu wakatulia. Wimbo wa shamba ulipita:

Maji yametoka mlimani, hayakuuliza jina la mtu,
yamepita kwa jirani, yamepita kwa shemeji,
kwangu yamegeuka nyuma.

Shemeji aliigizwa na kijana mmoja mpole sana anayefanya kazi duka la dawa, mtu wa kuomba samahani hata akipishana nawe mlangoni, lakini akipanda jukwaani na fimbo yake alikuwa wa kuchukiza hasa. Nilisikia mama mmoja akimsonya tangu alipoingia. Nikajua leo tumewapata.

Kisha tukafika kwenye mkutano. Nikasogea mbele, ngoma ikanyamaza kama ilivyopangwa, nikavuta pumzi, nikaimba: "Samu yangu!"

Nililisikia likitoka. Nikajaribu kulirekebisha mara ya pili, likatoka "samu" tena, na sasa nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo inayoniharibia zaidi. Kutoka katikati ya ukumbi sauti ya mwanamume ikarudia, kama kunisaidia vile, "Samu yangu!" Watu wakacheka. Si wote. Lakini kicheko cha watu thelathini ndani ya ukumbi kinatosha kukuondolea maneno yote kichwani. Mstari mzima ulinipotea. Waitikiaji wakaudaka, Mungu awabariki, wakauimba badala yangu, nami nikaungana nao mwishoni kama mtu aliyechelewa ibada.

Tukamaliza, watu wakapiga makofi ya adabu. Na hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo mwongozaji alilipanga tangu mwanzo, na ambalo nililiona zuri mpaka siku ile: baada ya onyesho, waigizaji wote wanakaa ukingoni mwa jukwaa, kipaza sauti kinapitishwa, watazamaji wanatoa maoni.

Wa kwanza kusimama alikuwa fundi redio wa siku nyingi, mtu mzima mwenye kofia ya kijani. Nilipomsikia akisema "Asalaam aleikum, ndugu zangu," nikaitambua ile sauti iliyorudia neno langu.

"Mimi niliuona mchezo wa kwanza," alisema. "Niliuona mara nne. Ngoma za leo ni nzuri kuliko za zamani, nasema kweli. Shemeji ni hodari, nilitaka kumpiga. Lakini mjane, mniwie radhi, huyu mama sauti anayo ila maneno hayafiki. Mjane wa kwanza ukimsikia neno, umelisikia."

Mzee mmoja wa upande wa kulia akasimama bila kupewa kipaza sauti. "Mimi sikusikia neno lolote baya. Huyu anajua kushika jembe. Hilo tu nilitaka kusema." Akakaa.

Binti mmoja akasema mapigo ya wimbo wa shamba yako kasi mno. Kijana wa nyuma akasema, "Mama yuko poa, ila apunguze lafudhi kidogo, tutamwelewa." Kisha akasimama mama mmoja wa makamo, mzazi wa shuleni kwetu, nikamtambua. Hakuwa na ubaya, naamini hivyo mpaka leo. Alisema, "Mimi nilikuwa nauliza tu. Huyu si ndiye anayewafundisha watoto wetu Kiswahili?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nami nilikuwa nimekaa pale, miguu inaning'inia jukwaani kama mtoto, sina pa kuuweka uso.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, niliwaona wasichana wa darasa la nne wakigombania kamba ya kuruka. Mmoja akainua mkono akaimba, "Samu yangu!" Wenzake wakaanguka kwa kucheka. Waliponiona wakatawanyika. Nikaingia ofisini nikakaa mbele ya madaftari mpaka kengele ikalia, na sikufungua hata moja.

Jioni nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuacha.

"Sawa," alisema. "Ila ukiacha sasa, wimbo wa mwisho uliouimba mbele yao ni ule uliosahau."

Alisema hivyo akaenda kuwapa ng'ombe majani. Nikamchukia kwa dakika chache, kisha nikaanza kufikiri. Kama tatizo ni matamshi, yuko mtu mmoja mjini anayeweza kunifundisha namna lile neno lilivyosemwa. Siku ya pili, baada ya masomo, nikashuka mitaa ya zamani kumtafuta mjane wa kwanza.

Sikuzunguka sana, kila mtu alimjua. Nilimkuta uani kwake amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha kwa sababu ya maumivu ya magoti. Jirani yake alikuwa anashona kwa cherehani barazani. Nywele za bibi yule zilikuwa nyeupe zote, lakini shingo ilikuwa ileile ndefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu." Hakuuliza. "Nilikuja Jumamosi. Nilikaa nyuma na mjukuu wangu. Sikukupenda."

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja, bibi. Nataka unifundishe kutamka."

Akainua macho kutoka kwenye mchele. "Kutamka nini?"

"Zamu. Na mengine. Vile ulivyokuwa unasema wewe."

"Mimi nilikuwa nasema kama mama yangu. Wewe mama yako anasemaje?"

Akapuliza pumba, akaendelea.

"Umesikia watu wanavyonisifia siku hizi? Huyo fundi redio, anasema aliniona mara nne. Muulize siku ya kwanza ilikuwaje. Siku ya kwanza, mimi mtoto wa mjini, nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, nilipewa jembe. Sijawahi kushika jembe maishani. Nikalishika kama ufagio. Watu wa kwenu, wale wenye mashuka, walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Siku ya maoni mzee mmoja akasema, 'Huyu mwanamke hata maji mkimpa, atayafagia.'"

Jirani akasimamisha cherehani kwa kucheka. Na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Ulifanyaje?" nikauliza.

"Nililia. Halafu baba wa huyu binti anayewaongoza nyinyi akanipeleka kwa watu nikalime wiki moja. Mikono ikatoka malengelenge. Lakini sikujifunza kulima, mwalimu. Mpaka mwisho nilishika jembe vibaya. Nilichoacha ni kuliogopa tu. Sasa simama pale ukutani."

"Sasa hivi?"

"Ulifikiri umekuja kunywa chai?"

Nikaegemea ukuta. Akaniamuru nibandike mgongo wote, visigino mpaka kichwa, niimbe wimbo wa mkutano. Nikaimba kidogo kidogo, kwa sababu ya majirani.

"Hapana," alisema. "Unajua unavyoimba? Unaimba kama mtu aliyekuja kuazima sufuria. Umesimama mlangoni, unauma maneno, unaogopa wenyewe wasikatae. Mjane hakuja kuazima. Maji ni yake. Tena."

Nikaimba tena. Akakataa. Watoto wakakusanyika kwenye uzio. Nikaimba tena, akasema pumzi inaishia kifuani, ishuke tumboni. Akaniwekea ule ungo wa mchele mikononi ili niache kupungapunga. Mara ya sita au ya saba nilikasirika kwelikweli, nikamwimbia yeye usoni, na "samu" ikatoka kama mti unaoanguka. Nikashika mdomo.

"Hiyo," alisema bibi.

"Lakini nimekosea neno."

"Nimelisikia neno. Hata fundi cherehani amelisikia, muone alivyoacha nguo ya watu. Usilifukuze tena hilo neno, litakupotezea wimbo mzima. Nipe mchele wangu."

Nilirudi kwake kila siku wiki ile. Hakunisifia hata mara moja. Alilalamika kuhusu gauni langu, kuhusu mapigo ya wimbo wa shamba, kuhusu namna ninavyolia msibani, akisema mjane mwenye shamba halii akiwa amekaa, hana muda huo. Vyote nilivipeleka kwa mwongozaji, naye akabadilisha karibu vyote.

Jumamosi ya pili ukumbi ulijaa zaidi ya ile ya kwanza. Nadhani wengine walikuja kucheka, habari zilikuwa zimezunguka kwenye magrupu ya simu. Mama yule wa saluni nilimwona mstari wa tatu. Fundi redio alikuwa mahali pake. Mjane wa kwanza aliingia akishikwa mkono na mjukuu wake, na watu wa mitaa ya zamani wakasimama kumpa nafasi mbele kabisa, mahali ambapo nisingeweza kukwepa kumtazama.

Msibani sikukaa. Niliimba nikiwa natembea, nakusanya vyombo vya waombolezaji, na ukumbi ukatulia kwa namna ambayo Jumamosi iliyopita haikuwepo. Kwenye wimbo wa shamba tulipunguza mapigo, jembe likawa linashuka pamoja na ngoma, na upande wa kulia wazee wakaanza kuguna kwa kila pigo, ile sauti wanayoitoa shambani wakilima pamoja. Hawakuambiwa na mtu. Mpiga ngoma alinitazama macho yamemtoka.

Mkutano ukafika. Shemeji akagonga fimbo yake chini, akasema mwanamke arudi nyumbani. Nikasogea mbele. Ngoma ikanyamaza.

Sikufikiria herufi. Nilifikiria ukuta wa uani na pumzi iliyoko tumboni. Nikafungua mdomo.

"Samu yangu!"

Katikati ya ukumbi mtu akaanza kucheka, kicheko kikakatika njiani. Nikaimba mara ya pili, nikimtazama shemeji, na yule kijana mpole alirudi nyuma hatua moja ambayo haikuwa kwenye mazoezi. Mara ya tatu niliwageukia watu. Hapo mzee mmoja wa kwetu, shuka jekundu begani, akasimama upande wa kulia akaitikia kwa sauti ya kulia, "Samu yako, mama!" Wakasimama wengine. Kisha vijana wa nyuma. Halafu upande wa kushoto, mama mmoja mwenye baibui, na wa pili, na mstari mzima. Kila nilipoimba, ukumbi ulijibu. Kwenye madaftari ya mtunzi hakuna mwitikio mahali pale, mjane anaimba peke yake. Mwongozaji, pembeni ya pazia, alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, sijui kwa hofu au kwa furaha. Neno lile linatokea mara kumi na moja. Siku ile sikuhesabu. Niliimba mpaka shemeji akaweka fimbo chini.

Maoni yalichelewa kuanza kwa sababu watu hawakutaka kukaa. Vijana walikuwa wanapiga kelele, "Mama kaupiga mwingi!" Mwongozaji aliomba utulivu mara tatu.

Fundi redio alipopewa kipaza sauti alisimama. Kisha akasema, "Wiki iliyopita nilimcheka huyu mama. Ni mimi, mnajua wote. Naomba radhi mbele yenu. Bado nasema mjane wa kwanza alikuwa na sauti tamu zaidi, siwezi kusema uongo akiwa amekaa hapa. Lakini leo nilisahau kwamba naangalia mchezo. Nilitaka kwenda kuwafungulia maji."

"Kaa chini," mjane wa kwanza akamwambia kutoka mbele. "Wewe hata zamani ulikuwa unasinzia."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, miguu inaning'inia. Mzazi yule wa shuleni akasema mwanawe ameimba nyumbani wiki nzima na sasa anaelewa kwa nini. Mama wa saluni akainua mkono, akasimama, akasema tu, "Hongera, mwalimu," akakaa haraka, sijui kama alinikumbuka na povu langu. Mwishoni kipaza sauti kilipelekwa kwa bibi. Akakisukuma kando, hakukihitaji.

"Gauni bado baya," alisema. "Mengine yote nimeyapenda."

Kisha akainuka, magoti yakimuuma, akaanza kupiga makofi kwa mpigo wa wimbo wa shamba, na ukumbi mzima ukamfuata. Nililia, nakiri. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni karibu na mlango, baadaye alidai kwamba alikuwa anafikicha vumbi.

Tulipanga maonyesho mawili tukaonyesha saba. Shuleni mwalimu mkuu aliniomba niimbe kwenye paredi, na wasichana wa darasa la nne wakaitikia bila kukimbia. Wanafunzi wangu bado nawafundisha kusema "zamu", na wanaisema vizuri, tena kwa kujidai. Mmoja aliniuliza ipi ni sahihi. Nikamwambia kwenye mtihani aandike kwa "z".

Onyesho la mwisho tulilipeleka Ngaramtoni, uwanjani, mchana wa siku ya soko. Hatukuwa na pazia wala kipaza sauti cha maana. Watu waliacha viazi na mbuzi wao wakaja, na manyunyu yalipoanza hakuna aliyeondoka, walifunika vichwa kwa mashuka na mifuko ya mbolea. Mama yangu mzazi, ambaye Kiswahili anakisikia kwa shida, aliwekewa kiti mbele. Nilipofika kwenye mkutano nikamsikia akimwambia jirani yake kwa Kimaa kwamba yule mwenye fimbo ni mtu mbaya sana, na kwamba mimi nilikuwa hivyo hivyo tangu mtoto, sinyamazi nikidhulumiwa. Watu wa kwetu waliitikia wimbo mpaka wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakasimama kuangalia.

Baadaye shemeji wetu, yule kijana wa duka la dawa, alikuja kumwamkia mama kwa unyenyekevu wote, kichwa ameinamisha kama inavyotakiwa kwa mkubwa. Mama akakataa kumgusa kichwa. Ilibidi nimweleze kwa Kimaa, mara mbili, kwamba ni kuigiza tu, kwamba huyu ni mtu mwema, anauza dawa. Akamtazama juu mpaka chini, mwishowe akaweka kiganja juu ya kichwa chake, lakini akasema, "Ayaache hayo maji."

Nyumbani kwake si mbali na soko, ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Siku ile tulitumia saa nzima. Kila lango tulilopita mama alisimama, akaita wenyewe watoke, akanishika mkono na kuuinua juu, akawaambia kwamba yule mwanamke aliyeimba sokoni ni wa kwake.